Bi Katibu na Trekta Lililogoma

Nimemwonea wivu Bi Katibu kwa miaka kumi na minne. Nalisema mwanzo kabisa ili atakayesoma asije akadhani kwamba mazuri nitakayoyataja nimeyataja kwa moyo mkunjufu. Mengine yamenitoka kwa shida. Mwanamke huyu hakuwahi kunitukana wala kuninyang'anya kitu, na hata bakuli akiliazima kwetu alilirudisha siku ileile. Lakini kila nilipomwona anapita mbele ya gereji yangu pale Mlandege, na mkoba wake wa plastiki uliojaa karatasi, kuna kitu kilinipanda kifuani, na kitu hicho hakikuwa heshima.

Jina analo, ila sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia mtu akilitumia. Muuza samaki anamwita Bi Katibu. Imamu anamwita Bi Katibu. Wajukuu zake mwenyewe wakitaka peremende wanamwita Bi Katibu. Ukatibu wenyewe ni wa kikundi chetu cha wakulima wa mpunga, watu wa mjini wengi wetu, wenye vipande vyetu vya kulima katika bonde la Cheju. Sisi ni makarani, walimu wastaafu, mafundi na wauza duka. Tukivaa mabuti ya mvua tunajiita wakulima. Mwenyekiti tumembadilisha mara nne. Mshika fedha mara tatu, na mmoja katika hao hatumzungumzi. Katibu ni huyohuyo.

Nianze na kusoma kwake, maana ndiko kulikonitesa zaidi. Anasoma kila kilichoandikwa. Ile karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, ambayo sisi tunaitupa kabla hata ya kufungua dawa yenyewe, yeye anaisoma pande zote mbili. Anasoma nyuma ya kopo la maziwa. Tangazo likibandikwa kwenye nguzo ya umeme, hata kama limechanika nusu, atasimama juani, atainua miwani yake iliyofungwa uzi mweusi, na atasoma mpaka pale lilipochanika. Siku moja nilimkuta Darajani mbele ya duka la mabati, anasoma masharti ya duka yaliyobandikwa mlangoni.

"Bi Katibu, unaezeka?" nikamwuliza.

"Siezeki. Lakini mwenzetu kajitaabisha kuandika, hebu na apate mtu wa kusoma."

Kauli yake kubwa ilikuwa hii: "Kitu ukikinunua, umekinunua na maneno yake." Aliisema mikutanoni, aliisema harusini, aliisema hata pale jirani yetu aliponunua feni ikamwungulia sebuleni wiki ya kwanza. Mimi kitabu kinachokuja na mashine nilikuwa nakitandika chini ili mafuta yasichafue sakafu. Ufundi nimeujua kwa masikio na vidole. Nikiisikia injini inakohoa najua inakohoa wapi, na watu wamenilipa kwa masikio hayo miaka thelathini.

Sasa kuna kisa cha pawatila, ambacho kinanichoma mpaka leo. Kabla hatujapata trekta, kikundi kilikuwa na pawatila moja kuukuu, lile jembe la injini linaloongozwa kwa mikono, na asubuhi moja ikakataa kuwaka katikati ya bonde. Nikaitwa kutoka mjini. Nilifungua nozeli, nikaisafisha, nikairudisha. Nikafungua pampu. Jua likafika utosini, nami nimelala chali kwenye tope, wakulima kumi wamenizunguka. Bi Katibu akaja, akatoa mkobani kijitabu kilicholiwa na mende pembezoni, akalowesha kidole.

"Fundi, hapa ukurasa wa kumi na moja wanasema kwanza itazamwe koki ya mafuta kama imefunguliwa. Umeitazama?"

Sikuwa nimeitazama. Nani anatazama koki? Nikanyoosha mkono, na koki ilikuwa imefungwa. Pawatila ikawaka kwa mkono wa kwanza. Bi Katibu hakucheka. Laiti angecheka, labda ningemsamehe. Alifungua ukurasa wa kumi na mbili akaendelea kusoma, kama mtu aliyekatizwa kidogo tu. Waliocheka ni wengine, na tangu siku ile Cheju nzima kitu kikikwama, hata mtoto akikataa uji, utasikia mtu anauliza, "Koki umeitazama?"

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Friji letu lilipoacha kugandisha, mke wangu alikuwa amesimama jikoni, nami nimesimama mbele yake na bisibisi mkononi, akaniambia, "Hebu kamwulize Bi Katibu." Bisibisi ninayo mkononi! Nikamwambia huyo mwanamke hajui hata tairi linafungwa upande gani. Akanijibu, "Hajui, lakini anajua kuwa hajui." Chakula cha usiku nilikila kimya, na asubuhi nikamnunia mpaka saa nne.

Nisimpake rangi ya malaika, maana hakuwa malaika. Mashine alikuwa anaziogopa. Vespa hapandi. Injini ikiwaka atasimama hatua tatu nyuma, na mkono kifuani, midomo ikisoma kitu. Chai yake haikunyweka. Watu waliinywa kwa ajili ya maneno yake. Aliyechelewa mkutanoni alikuta mlango umefungwa na komeo, lakini harusini yeye aliingia sahani zinaoshwa, na hakuona haya. Alikuwa mbishi: akishasema ukuta huu ni mweupe, hata ukiupaka masizi atakwambia chini yake ni mweupe. Na siri alizijua zote za Kikwajuni, mtaa wetu, kwa sababu watu walimpelekea wenyewe. Ukimpa siri umeizika. Nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwa kuwa kwangu siri haikai zaidi ya siku mbili, isipokuwa moja tu, ambayo nakuja kuisema.

Kujivuna kwake kulikuwa kwenye udi. Udi aliupika mwenyewe, kwa sukari na marashi na vitu vingine ambavyo hakumwambia mtu, na hapakuwa na bibi harusi wa Kikwajuni aliyetoka bila nguo zake kufukizwa na Bi Katibu. Ukimsifu kwa kusoma alikuwa anatazama chini. Ukimsifu kwa udi alikuwa anakwambia, "Naam, huo ni wangu," na kidevu kinapanda.

Trekta tulilinunua kwa michango ya miaka sita. Jipya, jekundu, lina kibanda cha vioo na dashibodi yenye kioo kinachoandika. Lilipotajwa tu kwa mara ya kwanza mkutanoni, mimi nilishakwenda kuwaambia watu wa Mlandege kwamba nitakuwa fundi wake. Siku ya kulipokea Cheju nilivaa ovaroli mpya ya buluu niliyoinunua makusudi, ikiwa bado na mistari ya kukunjwa. Mke wangu aliniambia nimependeza.

Watu walikaa kwenye majamvi, halua na kahawa zikapita, na kabla ya dua Bi Katibu akasimama na kitabu cha trekta. Alikuwa ameshakisoma chote, kurasa mia mbili na ushei za Kiingereza, kwa wiki tatu, na kamusi pembeni. Akasoma waranti. Miaka miwili, au masaa elfu mbili ya kazi, kitakachotangulia. Mtu yeyote asiyetumwa na wakala akifungua sehemu iliyofungwa, waranti imekufa hapohapo. Kisha akainua macho, akanitafuta katika watu.

"Fundi wetu tunampenda," akasema. "Lakini kwa miaka miwili spana zake zitakaa nyumbani."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, meno tu. Nilikaa pale na ovaroli yangu, natamani ardhi inifunike.

Halafu likaja la udi. Hakukubali trekta lisomewe dua bila ya kufukizwa. Kulipanda mwenyewe alikuwa anaogopa, basi akampa chetezo chenye makaa na udi Makame, dereva wetu, mtu mzima aliyeendesha matrekta Cheju tangu ujana wake. "Kiweke chini ya kiti," akamwambia, "kisha funga milango, moshi uingie kila pembe." Makame akafanya alivyoambiwa. Makaa yalikuwa mekundu. Dua ilikuwa ndefu, maana imamu naye alikuwa na kipande chake bondeni. Milango ilipofunguliwa, harufu ikatoka mpaka majamvini, watu wakasema mashaallah, na kidevu cha Bi Katibu kikapanda.

Lililima vizuri siku nne. Siku ya tano Makame akapiga simu: trekta linawaka, linakwenda mbele na nyuma, lakini akitaka kuzungusha rotaveta, yaani yale majembe ya nyuma yanayosaga udongo, injini inazimika, na kioo kinaandika herufi moja na namba nne. Masika yalikuwa yanakaribia. Bondeni, mvua kubwa zikishaanza kipande kinageuka ziwa na trekta haliingii tena. Wanachama thelathini na mmoja walikuwa bado kulimiwa, na atakayekosa kulimiwa amekosa mpunga mwaka mzima.

Bi Katibu alinipigia simu. "Fundi, njoo utazame. Lakini kwa macho tu, usifungue kitu."

Kwa macho tu! Nilifika kabla yake. Nikapanda kwenye kibanda, na chini ya ile harufu ya udi nikanusa harufu nyingine ninayoijua tangu ujana, ya plastiki iliyoungua. Sikufungua kitu. Nilipeleka mkono tu chini ya kiti, vidole vikakuta waya, ngozi yake imeyeyuka na kuganda tena, na pembeni yake majivu kidogo. Ulivumilia mtikisiko siku nne, ya tano ukakatika. Sikuhitaji kitabu. Chini ya kiti kuna swichi inayoiambia mashine kwamba dereva amekaa. Waya ukifa, mashine inadhani kiti kiko kitupu, na haikubali kuzungusha majembe bila mtu. Nilijua namna ya kuupiga dairekti, yaani kuiruka swichi hiyo, kwa dakika tano, na nilijua pia kwamba nikifanya hivyo nimeua waranti. Basi lililobaki lilikuwa kusema. Maneno manne yangetosha: chetezo chako kimeunguza waya.

Bi Katibu akafika anahema, na kitabu chake.

"Vipi, Fundi?"

Nikafuta mkono kwenye ovaroli. "Hii ni kompyuta, Bi Katibu. Mie kompyuta sizijui. Kitabu unacho wewe."

Nataka nieleze nilivyowaza, na sitajipunguzia. Niliwaza kwamba wakala atatuma fundi wake kutoka Dar kesho au keshokutwa. Fundi huyo atainama, atautoa waya ulioungua mbele ya kikundi kizima, na atauliza ni nani aliyeweka moto chini ya kiti. Nilitaka nami niwepo. Nilitaka kuuona uso wake wakati mtu mwengine anasoma, na yeye anasomwa. Kumwambia mimi pale, tukiwa wawili na Makame, kungekuwa kumstiri. Siku mbili tatu za kusubiri sikuziona ni kitu.

Zikawa tisa. Na katika siku hizo tisa nilimwona Bi Katibu akifanya kazi namna ambayo ilinizidishia chuki. Siku ya kwanza hiyohiyo aliwapigia wakala. Alikuwa na namba ya chesisi, namba ya injini, masaa yaliyosomeka kwenye mita, tarehe ya kupokea, na picha ya kioo aliyoipiga Makame. Nilimsikia kwa masikio yangu, tumekaa barazani chini ya ghorofa yake, simu imewekwa sauti kubwa.

"Mama, hiyo namba inaonyesha kuna tatizo la ruhusa ya mwendeshaji," kijana wa Dar akasema. "Jaribuni kuzima, msubiri, muwashe tena."

"Tushazima mara saba. Nimeandika na saa zake. Nikusomee?"

"Basi Mama, tutatuma fundi wiki ijayo."

"Mimi si mama yako, mwanangu, mimi ni mteja wako. Kitabu chenu ukurasa wa mia na tisini na nane kinasema fundi afike ndani ya masaa sabini na mbili. Au kimekosea? Kama kimekosea niandikie barua kwamba kimekosea."

Kijana akasema ataongea na mkubwa wake. Nilimtazama Bi Katibu anavyoandika jina la kijana na saa ya mazungumzo, na nikawaza: angenipata mimi upande wa pili wa simu ningemletea trekta jengine. Hilo nalo likaniuma.

Fundi wa Dar alikuwa na kazi Mbeya, kisha akaugua, kisha meli ya siku ile haikwenda kwa upepo. Kila siku Bi Katibu alipiga simu, na kila jioni alipita kwa wanachama wazee akawaeleza. Wengine walianza kunung'unika kwamba trekta lina kijicho, kwamba yupo aliyelitupia jicho. Mtu mmoja alinitazama kidogo aliposema hivyo. Mawingu yalianza kukaa upande wa kusini.

Siku ya nane alasiri, Bi Katibu alikuja gereji. Hakuwahi kuingia ndani ya gereji yangu hata siku moja, kwa ile hofu yake ya mashine. Aliingia, akakaa juu ya tairi, akafungua kitabu kwenye mapaja.

"Shikamoo, Bi Katibu."

"Marahaba. Fundi, nimepata. Kuna ukurasa wa nyuma kabisa, wa waya, nilikuwa siuelewi. Namba hii inatoka pale mashine inapodhani kiti hakina mtu. Chini ya kiti kuna nini?"

"Sijui," nikasema.

"Mie najua. Nliweka chetezo." Akakifunga kitabu. "Nliuliza udi umenukia, sikuuliza makaa yamekaa wapi. Hasara yote hii ni yangu mie."

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya pili. Ningeweza kumwambia kwamba nilijua. Badala yake nikaona kiroja changu kinanitoroka: akisema mwenyewe, hakuna wa kumuumbua. Nikasogea karibu, nikashusha sauti, nikamshauri.

"Usiseme kitu, Bi Katibu. Atakapokuja huyo wa Dar, sema panya. Waya za matrekta panya wanazila kila siku. Waranti itatulinda, na jina lako litabaki."

Sikumshauri kwa huruma. Nilitaka aseme uongo mmoja tu, mmoja katika umri wake, ili nami niwe na kitu juu yake cha kujifariji nacho uzeeni. Yeye alinitazama, na macho yake yalilainika. Alidhani namwonea imani.

"Ahsante, Fundi. Najua unanitakia heri. Lakini panya hana mtu wa kumtetea."

Kesho yake fundi wa Dar alifika kwa boti ya asubuhi, na Cheju tulikuwa tumejaa kama siku ya dua. Kabla hajapanda, Bi Katibu alijitokeza mbele akawaambia watu wote: namba ile maana yake ni hii, waya ulioungua ni wa chini ya kiti, moto ni wa chetezo changu, Makame alitii tu nilivyomwambia. Akaomba radhi kwa siku tisa zao. Alizungumza bila kulia na bila kujirefusha, na kidevu chake kilikuwa mahali pake.

Fundi wa Dar alivua kofia akajikuna. "Bibi, mie nimezunguka mikoa yote," akasema. "Kila waya ulioungua naambiwa panya. Wewe wa kwanza kuniambia kweli kabla sijainama."

Alimaliza kwa muda wa kunywa kahawa mbili. Akasema waya ule hauingii kwenye waranti kwa sababu moto si kosa la mashine, basi kikundi kitagharamia, lakini waranti ya trekta lenyewe iko palepale kwa kuwa hakuna mkono uliofungua kitu. Makame akapanda, majembe yakazunguka, watu wakapiga kelele za furaha. Kisha wakamzunguka Bi Katibu. Mimi niliyekuwa nangoja aumbuke nilimwona akipewa mkono na watu ambao jana walikuwa wananung'unika. Mzee mmoja alisema kweli yake ile inatosha kumpeleka peponi. Nikaondoka mapema, nikasema nina kazi mjini, na sikuwa na kazi yoyote.

Orodha ya kulimiwa aliipanga yeye, kama kawaida. Wajane mwanzo, kisha wazee, kisha wengine kwa herufi, na katibu mwisho kabisa. Trekta lilifanya kazi mfululizo. Lilipobaki na watu watatu, mvua kubwa zikaanza. Wawili wa mwanzo walilimiwa ndani ya tope, na wa tatu, yaani yeye, kipande chake kikawa maji matupu. Mwaka ule Bi Katibu hakupanda hata punje. Watu walipompa pole alisema, "Mvua haina orodha." Baadaye nikawa namwona Mlandege akinunua mchele wa duka, kilo mbili mbili, yeye ambaye kila msimu alikuwa anatuletea sisi majirani sahani ya mchele mpya. Nilimwona, na nilikuwa nageukia upande wa gereji.

Nikae na siri mwaka mzima, mimi! Mke wangu sikumwambia. Nilichokifanya ni kupunguza kupita mbele ya nyumba yake.

Mwezi uliopita alitoa orodha ya msimu huu, na jina lake limeandikwa mwisho tena, kwa mwandiko wake uleule ulionyooka. Nililisoma mara mbili. Jioni ile nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu Kikwajuni, nikavua viatu nje, nikaingia. Alinitilia chai yake. Nilikunywa yote, kisha nikasema.

"Bi Katibu, ule waya mie niliujua siku ya kwanza."

"Uliujua vipi?"

"Niliushika kwa mkono wangu, chini ya kiti, kabla hujafika. Niliona na majivu."

Aliweka kikombe chake juu ya meza. "Siku ya kwanza."

"Naam."

"Na mie nikaja gerejini kwako siku ya nane, nikakaa juu ya tairi, nikakuuliza chini ya kiti kuna nini."

"Nikakwambia sijui."

Nilimwona anahesabu, maana ndiyo tabia yake. "Kipande changu kilitaka siku moja tu," akasema. Halafu akaniuliza kwa nini, na mimi nikamjibu neno moja, wivu. Bi Katibu akageuka akakitazama chumba chake: viti viwili, meza, kabati la mafaili, feni linalolia. Alitazama kwa kweli, kama anayetafuta kitu kilichopotea.

"Wivu wa nini, Fundi? Mie n'na nini?"

Miaka kumi na minne nimeibeba, na aliponiuliza sikuwa na hata kimoja cha kumwonyesha kwa kidole. Nilikuwa nimekuja nikijua atanisamehe. Nasema kweli, nilikuwa nimeshajiandaa kuuonea wivu hata huo msamaha wake, ulivyokuwa utatoka kwa urahisi. Lakini Bi Katibu alikuwa amekunja mikono, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika.

"Nikuulize kitu kimoja, na usinidanganye," akasema. "Siku zile tisa, mie nilikuwa silali. Nikisikia upepo nainuka nakwenda dirishani. Wewe ulikuwa unalala?"

Ningeweza kusema hapana. Ndilo jibu ambalo lingetufaa sote wawili.

"Nilikuwa nalala vizuri, Bi Katibu."

Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili.

"Waya ningekusamehe sasa hivi," akasema. "Mpunga nao ningekusamehe, ni riziki. Lakini huo usingizi wako, Fundi, hebu nipe muda."

Akainuka akanifungulia mlango. Nilivaa viatu vyangu pale kwenye ngazi, nimeinama, na nyuma yangu nikalisikia komeo likirudi.